Kuketi Chini Pamoja Nao: Historia ya Huduma ya Kwanza ya Kisaikolojia na Wito wa Kanisa

Elifazi, Bildadi na Sofari waliposikia yaliyompata mwenzao Ayubu, kila mmoja alifunga safari kutoka kwao, wakaenda kumpa pole. Walipomwona kwa mbali hawakumtambua. Walilia, kisha wakaketi naye chini kwa muda wa wiki nzima bila yeyote kusema lolote, maana waliona jinsi alivyoumia (Ayubu 2:11-13). Baadaye walianza kusema, na hapo ndipo walipoharibu. Walitafuta sababu, wakatafuta dhambi, wakamwambia Ayubu ajichunguze. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia kwa maneno yao (Ayubu 42:7). Kwa ile wiki ya ukimya hakuna mahali walipokemewa.

Tumezoea kuhubiri habari za Ayubu kama somo la uvumilivu. Katika insha hii tunazisoma kama somo la wafariji. Kwa zaidi ya miaka 80 sasa, madaktari na wataalamu wa saikolojia wamekuwa wakijiuliza swali ambalo marafiki wale watatu walilijibu vizuri kwanza, kisha wakalijibu vibaya: mtu aliyetoka katika moto, mafuriko au mlipuko, au aliyepoteza nyumba yote kwa siku moja, asaidiwe vipi katika saa na siku zile za mwanzo? Na amsaidie nani? Jibu walilolifikia linaitwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Njia ya kulifikia ilikuwa ndefu, na kuna mahali wataalamu walipotea. Historia hiyo inatuhusu sisi waumini, kwa sababu karibu tangu mwanzo wake ilitutaja.

Moto wa Boston

Usiku wa tarehe 28 Novemba 1942, moto ulizuka katika ukumbi wa starehe ulioitwa Cocoanut Grove, katika mji wa Boston, Marekani. Ndani walikuwamo watu karibu elfu moja, zaidi ya mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, nao ukakwama kwa wingi wa watu waliousukuma. Milango mingine ilikuwa imefungwa kwa kufuli, au ilifunguka kwa kuvutwa ndani, jambo lisilowezekana watu wakiwa wamesongamana. Walikufa watu 492. Tangu wakati huo sheria za majengo ya umma zikaanza kukazwa, ili milango ya dharura ifunguke kuelekea nje.

Mabadiliko mengine yalitokea wodini. Katika hospitali ya Massachusetts General alikuwapo daktari wa magonjwa ya akili aliyeitwa Erich Lindemann, aliyewahudumia manusura na ndugu wa marehemu. Aliona kwamba majonzi makali yana dalili zake kama homa ilivyo na zake: koo kubana, pumzi kukatika, kuhema kwa kina kila mara, tumbo kuwa kama tupu, na miguu kukosa nguvu. Aliona pia kwamba wafiwa wengi hujilaumu, na baadhi huwa wakali hata kwa wale wanaowatakia mema.

Alieleza habari za kijana mmoja aliyempoteza mkewe katika moto ule. Kijana huyo alijaribu kumvuta mkewe akazimia, na msukumo wa watu ukamtoa nje. Yeye akapona, mke akafa. Wodini alirudia jambo moja tu, kwamba ilimpasa amwokoe au afe pamoja naye. Siku zilivyopita alionekana kama ametulia. Kisha siku moja akamponyoka aliyekuwa akimwangalia, akajirusha dirishani, akafa. Mwili wake ulikuwa umeokolewa, lakini mzigo uliokuwa moyoni hakuna aliyeweza kuutua.

Mwaka 1944 Lindemann alichapisha makala juu ya aliyoyaona kwa wafiwa 101, baadhi yao wakiwa wa moto ule. Ndani yake kuna mambo mawili yanayotugusa. La kwanza, alisema faraja ya maneno peke yake haitoshi. Mfiwa ana kazi ya kuomboleza, na kazi hiyo lazima aifanye mwenyewe, mwenzake akiwa karibu. La pili, vita vilikuwa vikiendelea na wafiwa walikuwa wengi mno kwa madaktari wachache waliokuwapo. Kwa hiyo aliandika kwamba maarifa haya yapelekwe kwa watu wengine, na akawataja wafanyakazi wa ustawi wa jamii na wachungaji. Kwa maneno mengine, kanisa liliitwa darasani miaka mingi iliyopita.

Jina linapatikana

Katika miaka hiyohiyo maneno "huduma ya kwanza ya kisaikolojia" yalianza kutumika. Mwaka 1945 madaktari wa Marekani walieleza katika jarida lao kozi waliyowapa mabaharia wa meli za biashara, watu walioona meli zikizamishwa na wenzao wakiangamia baharini. Mwaka 1954 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa nchi hiyo kilitoa kijitabu juu ya huduma hiyo katika maafa yanayoikumba jamii nzima. Hofu kubwa ya wakati ule ilikuwa bomu la nyuklia, na waandishi walijua kwamba likianguka hakuna mji utakaokuwa na madaktari wa kutosha.

Mafundisho ya kijitabu kile yalikuwa ya kawaida kabisa. Msaidizi akubali kwamba kila mtu ana haki ya kuwa na hisia zake, iwe ni kulia au kunyamaza. Akubali kwamba udhaifu wa aliyeumia rohoni ni wa kweli, kama vile mfupa uliovunjika ulivyo wa kweli. Atazame pia nguvu iliyobaki ndani ya mtu huyo, kwa sababu hata aliyepoteza vingi anaweza kubeba mtoto au kuchota maji, na kazi ndogo humrudishia utu wake. Na msaidizi ajue mipaka yake mwenyewe.

Msomaji wa Biblia atakumbuka habari za Eliya chini ya mretemu, alipoomba afe (1 Wafalme 19). Malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Swali la kwa nini yuko pale lilikuja baada ya safari ndefu, Eliya akiwa amekwisha kupata nguvu.

Njia iliyopotoka

Miongo iliyofuata ilileta wazo lingine. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi ya zimamoto na gari la wagonjwa, alieleza utaratibu wa kuwasaidia waokoaji baada ya tukio baya. Wakutanishwe katika kikao kimoja ndani ya siku chache, na kila mmoja aeleze aliyoyaona, aliyoyafikiri na aliyoyahisi, hatua kwa hatua. Nia ilikuwa njema. Utaratibu ukapendwa, ukaenea duniani, na watu wakaanza kuutumia hata kwa manusura wenyewe. Wataalamu wakawa wanafika penye maafa na kuwataka watu waseme yote mapema, wakiamini kwamba jeraha lisilosemwa litaoza.

Ndipo watafiti wakapima. Mwaka 1997 kundi la madaktari wa Uingereza lilitoa matokeo ya utafiti juu ya watu walioungua moto. Wengine walipewa kikao kile, wengine hawakupewa. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliopewa kikao walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, wakati kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 9. Ni haki kusema kwamba waliopewa kikao walikuwa na majeraha mabaya zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo tofauti yote haiwezi kuwekwa juu ya kikao. Lakini tafiti nyingine nazo zilipokusanywa pamoja hazikuonyesha faida ya kikao kimoja cha namna hiyo katika kuzuia kiwewe. Shirika la Afya Duniani likafikia mahali pa kushauri kwamba kisitumike kwa watu waliotoka katika maafa.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtu akilazimishwa kurudi ndani ya moto kwa maneno, mbele ya watu asiowajua, wakati moyo wake bado unatetemeka, anaungua mara ya pili. Wazee wetu walisema kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mwenye msiba ndiye anayetangulia, nasi tunafuata mwendo wake.

Agosti 1998

Wakati mjadala huo ukiendelea Ulaya na Marekani, maafa yalibisha hodi kwetu. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, mabomu mawili yalilipuka karibu kwa wakati mmoja katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Dar es Salaam walikufa watu 11. Nairobi walikufa 213, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia, na maelfu walijeruhiwa. Jengo la Ufundi, lililokuwa jirani na ubalozi, liliporomoka. Watu wengi katika majengo ya karibu walikuwa wamesikia kishindo cha kwanza, wakakimbilia madirishani kutazama, na bomu kubwa lilipolipuka vioo viliwaingia machoni. Baadhi yao hawakuona tena.

Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka siku zile za kuchimbua kifusi. Mama mmoja aliyenaswa chini ya jengo la Ufundi alizungumza gizani na mwanamume aliyekuwa amenaswa si mbali naye, wakatiana moyo. Mwanamume yule alitolewa akiwa hai. Mama alifariki kabla ya waokoaji kumfikia, na nchi nzima ikamlilia. Hakuwa na mafunzo yoyote, wala hakuwa na kitu cha kutoa isipokuwa sauti yake, na sauti hiyo ilimfaa mwenzake.

Kenya wakati ule ilikuwa na madaktari wachache sana wa magonjwa ya akili. Hata hivyo madaktari na washauri nasaha walijipanga chini ya mpango ulioitwa Operation Recovery. Walitoa ushauri nasaha kwa walioathirika, na walitumia redio, televisheni na magazeti kuwaeleza wananchi kwamba kukosa usingizi, kushtuka kwa kishindo kidogo au kuona tena picha za siku ile hakumaanishi kwamba mtu amerukwa na akili. Kwa wengi hilo peke yake lilikuwa dawa, maana walidhani wako peke yao.

Wataalamu wa mpango huo walikusanya pia habari kutoka kwa Wakenya 2,883 kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu baada ya mlipuko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia ugonjwa wa kiwewe. Watafiti walitazama ni nani hasa walioumia zaidi. Waliojeruhiwa, walioshuhudia mlipuko, waliofiwa, na walioingia katika shida ya fedha baada ya tukio walikuwa miongoni mwao, kama mtu angetazamia. Lakini katika orodha hiyo kuna kundi jingine linalopaswa kutusimamisha: wale ambao hawakuwa wamemweleza rafiki yaliyowasibu.

Tuwe waangalifu na habari hiyo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba rafiki ndiye aliyewaponya wengine. Huenda walioumia sana ndio walioshindwa kufungua moyo. Hata hivyo, ukiuweka pamoja na ule wa Uingereza, picha inaanza kuonekana. Kusimulia kwa kulazimishwa, katika kikao cha mara moja, hakukuonekana kusaidia. Na hapa Nairobi, kukosa mtu wa kumweleza kulikwenda pamoja na maumivu makubwa zaidi. Mtu aliyeumia anahitaji mwenzake wa kuaminika, atakayekuwapo siku yeye mwenyewe atakapotaka kusema. Mtu wa namna hiyo hutoka katika ujirani, katika ukoo, katika jumuiya ndogo inayokutana kila wiki sebuleni kwa mmoja wao, mara nyingi zaidi kuliko anavyotoka kwenye ndege ya msaada.

Tazama, sikiliza, unganisha

Mwaka 2007 mashirika ya kimataifa ya misaada yalikubaliana juu ya miongozo ya afya ya akili katika dharura, na huduma ya kwanza ya kisaikolojia ikapewa nafasi yake. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani, pamoja na War Trauma Foundation na World Vision International, shirika la Kikristo, lilitoa mwongozo kwa watu wanaofanya kazi penye maafa. Miaka miwili baadaye ukatoka mwongozo wa wakufunzi. Tangu hapo mafunzo haya yamefika kwa walimu, polisi, wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa dini katika nchi nyingi.

Mwongozo unafupisha kazi kwa mambo matatu. Tazama: je, mahali ni salama, nani anahitaji chakula, maji au blanketi, nani amepigwa na bumbuwazi? Sikiliza: msogelee mtu kwa heshima, jitambulishe, muulize anachohitaji, na usimlazimishe kusimulia. Unganisha: msaidie ampate ndugu yake, apate habari za kweli, na afikishwe penye huduma. Anayemjua Msamaria wa Luka 10 hatashangaa. Aliona, akasogea, akafunga majeraha, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa, na akaahidi kurudi.

Mafunzo yenyewe kwa kawaida huchukua nusu siku au siku nzima, na sehemu kubwa ni mazoezi. Baadhi ya washiriki huigiza manusura: mmoja anamtafuta mtoto wake, mwingine anafoka, mwingine amekaa kimya ukutani. Wengine huigiza wasaidizi. Huko ndiko mtu hugundua jinsi ilivyo vigumu kukaa dakika tatu na mwenye uchungu bila kumkatiza, bila kutoa kisa chake mwenyewe, bila kumwambia kwamba ashukuru walau yeye yu hai. Hujifunza pia kutoahidi asichoweza kutimiza, kutopeleka habari za mtu kwa wengine, na kusema "sijui, nitauliza" pale asipojua.

Hujifunza kutambua pia wale ambao huduma hii haiwatoshi: mwenye majeraha ya kuhatarisha maisha, mwenye huzuni iliyomfanya ashindwe kujitunza au kutunza watoto wake, anayeweza kujidhuru, na anayeweza kuwadhuru wengine. Hao hawaachwi peke yao, na wanapelekwa kwa wataalamu haraka. Tukimkumbuka yule kijana wa Boston tutaelewa kwa nini.

Kuna fundisho moja linalogusa imani yetu moja kwa moja. Mwongozo unamtaka msaidizi aheshimu dini ya mtu, amsaidie apate nafasi ya kuomba kama ndivyo anavyotaka, na asikilize maswali yake juu ya Mungu bila kumhukumu. Unamkataza kumbebesha tafsiri yake mwenyewe ya kwa nini maafa yametokea. Muumini anaweza kuona kana kwamba hapo anafungwa mdomo. Tusome tena Luka 13. Bwana Yesu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikanusha kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Alichosema baada ya hapo kuhusu toba aliwaambia wazima waliokuwa wakimsikiliza. Wafiwa wa Siloamu hakuwaambia lolote la kuwahukumu marehemu wao.

Pale kugusa kulipokatazwa

Ugonjwa wa Ebola ulipoenea Afrika Magharibi mwaka 2014, jambo jipya lilijitokeza. Desturi za kuosha maiti, kumgusa na kumuaga, ambazo ndizo faraja ya wafiwa, zilikuwa njia ya kueneza ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba angalau asilimia 20 ya maambukizi yalitokea wakati wa mazishi. Mwanzoni timu za mazishi zilipokuja na mavazi ya kujikinga na kuchukua mwili bila maneno, familia nyingine zilificha wagonjwa na marehemu.

Mwezi Novemba mwaka huo utaratibu mpya ukatolewa, uliotengenezwa kwa kushirikiana na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Caritas, Islamic Relief na World Vision. Familia ipewe nafasi ya kuulizwa, kushiriki bila kugusa, na kuwa na kiongozi wao wa dini kaburini. Mwaka huohuo ulitolewa pia mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa ajili ya Ebola, ukifundisha jinsi ya kuwa karibu na mtu ukiwa umesimama mbali naye kidogo. Heshima ilipoongezwa juu ya usalama, milango iliyokuwa imefungwa ilianza kufunguka.

Kazi iliyo mbele yetu

Nchi zetu hazijapumzika na maafa. Alhamisi Kuu ya tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wanafunzi Wakristo wakilengwa. Manusura walipokelewa katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, na wazazi walikwenda Chiromo kutambua miili ya watoto wao. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, zaidi ya watu 200 wakafa. Asubuhi ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka mlima Hanang vilifunika makazi ya Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha.

Katika kila tukio la namna hiyo waumini hufika mapema. Tuna turubai, sufuria, kwaya, na desturi ya kulala matanga ambayo ni hazina kubwa. Watu wetu wanajua kukaa mkekani na mfiwa usiku kucha. Lakini mkekani hapohapo husikika pia maneno ya Elifazi: kwamba mwanamume halii, kwamba Mungu amempenda zaidi, kwamba yupo aliyetenda jambo. Husikika ombi kwa manusura kwamba Jumapili asimame atoe ushuhuda jinsi Bwana alivyomponya, akiwa hata ndugu zake hajawazika. Ushuhuda ni mali ya kanisa, lakini una wakati wake, na mwenye kuujua wakati huo ni yule atakayeutoa.

Hapo ndipo mafunzo yanapohitajika. Mchungaji, mwinjilisti, wazee wa kanisa, mashemasi, kikundi cha wanawake na vijana wanaweza kuketi siku moja na mkufunzi kutoka hospitali ya wilaya au Chama cha Msalaba Mwekundu. Wachague kati yao watu wanaojulikana kwa kutunza siri. Waandike majina na namba za simu za zahanati, ustawi wa jamii, polisi na washauri nasaha walio karibu, kwa sababu kuunganisha hakuwezekani kama hujui pa kumpeleka mtu. Wakubaliane nani atakaa na watoto na nani atawatazama wazee na wenye ulemavu, ambao hupotea kirahisi katika vurugu. Na wakubaliane jinsi ya kupumzishana, kwa kuwa msaidizi aliyekesha siku nne hana tena masikio ya kusikiliza. Hayo yote yanafanyika kabla ya mvua, kabla ya ajali, wakati akili za watu zimetulia.

Iko pia sehemu ambayo hakuna shirika linaloweza kuifanya vizuri kama usharika. Magari ya misaada huondoka baada ya wiki chache. Tanga likishaanuliwa, mwenye nyumba hubaki na kitanda kitupu, deni la mazishi, na usiku mrefu. Watafiti wa Nairobi waliona maumivu kwa watu mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu baada ya mlipuko, na kwao shida ya fedha ilikwenda pamoja na kiwewe. Kwa hiyo kilo chache za unga zinazopelekwa mwezi wa tatu, na mtu wa jumuiya anayegonga mlango kusema "tulikuwa tunapita, tukasema tukuone", ni sehemu ya huduma ileile iliyoanza siku ya kwanza.

Mtume Paulo aliwaagiza Warumi walie na wanaolia (Warumi 12:15), wala hakuongeza masharti ya elimu. Sayansi imetuonyesha kwa gharama kubwa namna ya kulia nao bila kuwaumiza. Na tuyapokee maarifa hayo kwa shukrani, tujifunze, kisha tukaketi.